Mstari Ulioishia Stoo ya Mafagio

Saa kumi na mbili asubuhi, korido ndefu ya hospitali bado inanuka sabuni. Sakafu haijakauka. Mwanga umeanza kupenya dirishani, na mwanamke mmoja aliyevaa shati kubwa la kiume lenye madoa ya kila rangi amesimama kwenye kona, amefumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Mkono wa kulia umeshika brashi kavu. Wa kushoto umeshika ncha ya uzi.

Ncha ya pili imeshikwa na mzee wa usafi, ambaye hospitali nzima, madaktari hadi walinzi, inamwita Mzee Ndoo.

"Unaomba au umesinzia?" anauliza mzee.

"Naomba."

"Basi fupisha, mama. Mungu hana haraka, lakini mkono wangu unakufa ganzi."

Mwanamke anafumbua macho, anacheka, anauvuta uzi mpaka unakaza, kisha anaudonoa kwa vidole viwili na kuuachia. Ukutani unabaki mstari mwembamba wa chaki nyekundu. Anapiga mwingine chini yake, upana wa kiganja. Katikati ya mistari hiyo miwili ndipo itakapopita rangi ya buluu.

Huyu ndiye Mama Uzi. Jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu ya kibunda cha uzi wa chaki ambacho hakitoki mfukoni mwake. Ana miaka hamsini na minne, ni mjane, na ameandika mabango kwa mkono tangu hajaolewa.

Leo hachori herufi hata moja. Anarekebisha mstari. Na mstari huo, anasema, ndio utakaoamua kama ataendelea kuitwa fundi, au atabaki mtu aliyewahi kuwa fundi.

"Kesho ni siku ya macho," anaeleza huku akichovya brashi. "Wagonjwa wa macho huja mara moja kwa wiki. Wakifika kwa kuufuata huu mstari, napewa jengo zima. Wakipotea tena, hospitali inaweka stika za kuchapwa, na ngazi yangu ina mnunuzi tayari."

Neno hilo, "tena", ndilo lililomwamsha kabla ya jogoo.

Anaianza kona. Brashi inajongea taratibu kutoka kushoto, imeshiba rangi, haitetemeki. Inapokaribia pembe ya ukuta mkono wake unataka kunyanyuka. Unaonekana kabisa unataka. Mama Uzi anauma mdomo, anazungusha mwili mzima kama mlango kwenye bawaba, na brashi inaipita pembe bila kuachana na ukuta.

"Afadhali," anasema Mzee Ndoo, akitoa pumzi kana kwamba ndiye aliyebeba brashi. "Wiki hii nitalala. Wiki iliyopita ulinijazia wageni nyumbani."

Kisa cha wageni hao kina mizizi mirefu.

Mama Uzi alifundishwa kazi na baba yake mdogo, mwandishi wa mabango aliyekuwa na kibanda kando ya barabara, ngazi ya mbao, na msururu wa makopo ya rangi yaliyopangwa kama wanafunzi mstarini. Binti alikuwa akimpelekea chai. Siku moja baba mdogo alimwambia aweke birika chini ashike brashi, na birika likapoa hapo hapo.

"Hakunifundisha herufi kwanza," anakumbuka. "Alinichoresha mistari tu, miezi na miezi. Wa kusimama, wa kulala, wa kupinda. Nikilalamika, ananiambia, mwanangu, herufi zote ni mistari iliyokubaliana."

Lakini somo aliloling'ang'ania mzee huyo kuliko yote lilikuwa namna ya kuumaliza mstari. Hakupenda ukatike ghafla. Fundi alitakiwa kuinyanyua brashi kidogo kidogo, ili rangi ikonde na kukonda mpaka iwe kama unywele, ndipo ipotee. Wenyewe waliuita mkia.

"Alikuwa akisema, usiumalize mstari kama mtu anayefunga mlango kwa teke. Uache upumue." Mama Uzi anatabasamu. "Mtu akipita barabarani akiuona mkia wetu, anajua bango limetoka kibanda gani. Ilikuwa kama sahihi."

Baba mdogo alipofariki, ngazi na kibanda vikabaki kwa binti wa kaka yake. Kwa miaka mingi kazi ilimlisha, ikamsomeshea watoto wawili, ikamzikia mume kwa heshima. Kulikuwa na wiki za mabango manne au matano: maduka, vinyozi, magereji, shule.

Kisha zikaja mashine. Mteja anakaa mbele ya kompyuta asubuhi, mchana anaondoka na bango lake limekunjwa kwapani, lina picha, lina vivuli, linameta. Mama Uzi hazisemi vibaya mashine hizo. "Ni kazi nzuri, tena nadhifu," anakiri. "Ila hazikuniachia pa kuweka mguu."

Mwaka jana kulikuwa na miezi aliyoandika bango moja tu. Mwezi mmoja hakuandika chochote, isipokuwa namba kwenye lango la jirani, kazi iliyolipwa kwa sahani ya chakula na asante. Kibanda, ambacho kilikuwa cha kupanga tangu enzi za baba mdogo, akakirudisha kwa mwenye kiwanja. Ngazi akaileta nyumbani, akailaza uani, ikaziba nusu ya njia ya kwenda bafuni.

Hapo ndipo mama mkwe wake alipoingilia kati.

Bibi huyo anaishi na Mama Uzi tangu mwanawe afariki, na wawili hao hupendana kwa kugombana. Ana zaidi ya miaka themanini, hajui kusoma, macho yake yameingia ukungu, lakini ulimi wake haujapata ukungu hata kidogo.

"Uza hiyo ngazi," alimwambia mkwewe kila alipojikwaa. "Ngazi isiyopandwa ni kuni."

"Mama, nitaipanda tena."

"Uende wapi? Mbinguni hawapandi kwa ngazi, wewe unayeomba kutwa ungeshajua."

Fundi mmoja wa kupaka rangi nyumba alikuja kuitazama, akaipenda, wakakubaliana. Mama Uzi akamwomba amvumilie kidogo. Hakuwa na sababu ya maana ya kumwambia. Alitaka tu kumaliza bango moja lililobaki.

Bango hilo lilikuwa la shule ya watu wazima, inayofundisha jioni. Akiwa juu ya ngazi akiorodhesha masomo, ushonaji, hesabu za biashara, ufundi wa umeme, akafika kwenye somo lililoitwa misingi ya michoro na usanifu. Akashuka, akaenda kugonga ofisini.

"Samahani, hili somo la mwisho ni la watu gani?"

"La yeyote anayetaka," akajibiwa.

Akaomba bango liwe ndilo ada yake. Wakakubali.

Basi akaanza kukaa kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti yakigonga ubao. Mwalimu wake ni binti wa umri wa kitinda mimba wake, mwembamba, mwenye sauti ya chini, ambaye chaki ikimkatikia mkononi huendelea na kipande bila kukatiza sentensi. Akamfundisha nukta, mstari, umbo, rangi, na nafasi tupu. Akamfundisha jinsi macho yanavyouhisi uso wa kitu, laini au wa kukwaruza, hata kabla mkono haujagusa.

"Nilikuwa najaza bango lote, sibakishi pa kupumulia," anasimulia Mama Uzi. "Binti akanionyesha kwamba pale pasipo na kitu napo panafanya kazi. Niliona haya, halafu nikafurahi. Ni kama kuishi kwenye nyumba yako miaka yote, siku moja ukafunguliwa chumba ambacho hukujua kipo."

Jioni ya somo la mstari mwalimu alichora ubaoni mmoja uliolala. Akauliza darasa unawaambia nini. Mmoja akasema unapumzika. Akachora uliosimama. Huo askari, wakasema. Akachora ulioinama. Huo una haraka, au unaanguka. Akachora wa mawimbi, na fundi cherehani aliyekaa nyuma akasema huo unabembeleza mtoto. Darasa likacheka.

"Mstari ni mwenyeji," mwalimu akawaambia. "Unalishika jicho la mgeni mkono, unaliambia twende huku. Wiki hii katazameni ni wapi watu wanahitaji kushikwa mkono."

Wiki hiyo hiyo Mama Uzi akampeleka mama mkwe wake hospitali.

Hospitali yenyewe ilijengwa kwa awamu, kama nguo ya viraka. Chumba kimeongezwa hapa, korido imechomozwa kule, mlango wa zamani umezibwa na mpya umetobolewa kwingine. Njia zilielekezwa kwa karatasi zilizobandikwa ukutani, maandishi madogo kama mchwa. Mgonjwa wa macho alitakiwa kusoma karatasi hizo ili afike anakotibiwa macho.

Walianza kwenye chumba cha sindano. Wakapelekwa maabara. Wakajikuta wodi ya watoto, kisha uani kwenye nguo zilizoanikwa. Mama Uzi akataka kuuliza kwa mara nyingine, bibi akamvuta kitenge.

"Usitutie aibu. Watasema tumepotea."

"Mama, tumepotea."

"Mimi sijapotea. Hospitali ndiyo imepotea."

Walipoufikia mlango wa macho daktari alikuwa amekwisha kufunga. Usiku Mama Uzi akamsikia bibi akiomba chumbani, polepole, akimwambia Mungu kwamba kama ni macho, afadhali yeye abaki na haya haya yenye ukungu kuliko kuzungushwa tena mbele za watu.

Kesho yake Mama Uzi alikuwa mlangoni kwa muuguzi mkuu, ambaye wote humwita Matroni.

"Sikuja kulalamika," akaanza. "Nimekuja kuomba ukuta."

Matroni ni mwanamke mwenye shughuli nyingi na subira ya kupimwa. Alimsikiliza amesimama. Alikwisha kupata mtu wa stika, mishale ya kubandika, sampuli ziko mezani. Lakini ndiye aliyeulizwa njia kila siku ya macho mpaka koo likamkauka, na wazo la mstari mmoja unaoanza langoni na kwenda mpaka chumbani lilimgusa.

"Mmoja tu," akasema. "Wa macho. Wasiponiuliza njia, tutazungumza habari ya jengo. Wakiniuliza, nawaita watu wa stika, na tusilaumiane."

Mama Uzi akaupeleka mpango wake darasani. Alikuwa amepanga kuuchora usawa wa macho, kama bango lolote.

"Usawa wa macho ya nani?" mwalimu akamuuliza. "Mama, mgonjwa akitembea anatazama wapi?"

Akafikiri. Akamkumbuka mama mkwe wake koridoni, shingo imeinama, mkono ukipapasa ukuta. Akaushusha mstari mpaka kiunoni, mkono wa mtu aliyechoka ufike. Akauongeza unene mpaka ukawa upana wa kiganja. Akachagua buluu iliyokolea, kwa kuwa ukuta ni wa rangi ya maziwa, na asiyeona vizuri huona tofauti kabla hajaona kitu chenyewe.

Akauchora. Ulikuwa mzuri, na waliopita walisimama wakausifu. Kila ulipofika kwenye kona aliukondesha kwa ustadi wote aliorithi, ukaisha kama unywele, kisha upande wa pili ukaanza tena kama unywele na kunenepa. Kona zote zilipata mkia wa baba mdogo. Alipomaliza alipiga magoti pale pale, akashukuru.

Siku ya macho ikafika. Asubuhi haikupita hata nusu, Mzee Ndoo akaja mbio, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Mama Uzi, njoo uwachukue watu wako."

Kwenye kona ya pili kuna mlango. Nyuma ya mlango huo ni stoo ya mafagio. Na mbele ya stoo ya mafagio, kwenye benchi na chini ya benchi, walikuwa wamekaa wagonjwa wa macho kwa utulivu mkubwa, kadi mkononi, wakingoja kuitwa. Mmoja alikuwa amekwisha kugonga, na Mzee Ndoo akamfungulia akiwa na fagio.

"Akaniuliza kama mimi ndiye daktari," mzee anasimulia, akijipigapiga kifua. "Nikamwambia hapana baba, mimi nina ndoo na sabuni, miwani sina. Yule wa nyuma yake akasema, hata hivyo nitangoja."

Mama Uzi akamwinamia babu mmoja aliyekaa mwanzo wa foleni.

"Mzee wangu, mbona mmekaa hapa?"

"Si ndipo mstari ulipoishia, mwanangu," akajibu babu bila wasiwasi. Akaugusa ule mkia kwa kidole, akaufuata mpaka ulipopotea. "Ona, umekwisha."

Wengine walikuwa wamesimama kona ya kwanza. Wachache walikata tamaa wakaenda kumuuliza Matroni. Kwenye chumba cha macho, daktari alikuwa amekaa peke yake akisoma gazeti.

Mama Uzi hakujitetea. Aliwashika wale wagonjwa mkono, mmoja mmoja, akawapeleka kwa daktari mwenyewe, akawa yeye ndiye mstari. Alipomaliza aliingia kwenye stoo ya mafagio, akageuza ndoo, akaikalia na kulia.

Mzee Ndoo alimwacha kwanza. Kisha akasimama mlangoni.

"Wanasema maji yakimwagika hayazoleki," akamwambia. "Waongo. Mimi nayazoa kila asubuhi. Futa machozi, hiyo ndoo naitaka."

Matroni naye alikuwa mwungwana. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mtu wa stika ameombwa aje kupima kuta baada ya siku ya macho inayofuata, na hadi hapo ukuta bado ni wa Mama Uzi.

Jioni hiyo darasani alinyoosha mkono kabla somo halijaanza, akasimulia yote, hata habari ya ndoo. Hakuna aliyecheka ila pale kwenye daktari wa fagio, ambapo haikuwezekana.

Mwalimu hakumpa hotuba. Aligeukia ubao akachora mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa mnene mwanzo hadi mwisho, ukakatwa na ukingo wa ubao. Wa pili ulikonda na kupotea katikati.

"Upi umefika?"

Vidole vyote vikaelekea wa pili.

"Na huu wa kwanza?"

"Huo bado unaenda," akasema fundi cherehani. "Sisi tu ndio hatuuoni, umepita nyuma ya ubao."

Mama Uzi alibaki akiitazama. Anasema hakupata usingizi mzuri usiku huo. Kosa lilikuwa limejificha kwenye kitu alichokipenda kuliko vyote. Kuufuta mkia ilikuwa kama kuufuta mkono wa baba mdogo ukutani, na asingeweza hata kumwomba radhi.

"Nikaanza kusali kama kawaida yangu," anaeleza. "Nilipofika amina, nikanyamaza. Nikajiuliza, hivi amina husemwa wapi? Mwisho. Mara moja. Ukiisema katikati, wenzio wanainuka wanaondoka, wewe bado una maombi. Nikasema, Baba wa mbinguni, hawa watu niliwaambia amina kila kona."

Kwa hiyo mkia hakuufuta. Aliuhamisha. Asubuhi hii ya marekebisho, kona zote zinavukwa na rangi iliyonenepa vile vile, bila brashi kunyanyuka, kazi ngumu kwa mtu aliyeizoeza mikono yake kinyume kwa zaidi ya miaka thelathini. Kona ya stoo ameirudia mara tatu. Kila anapokosea anapangusa kwa kitambaa na mafuta ya taa, na Mzee Ndoo anajifanya kutazama dirishani.

Mwisho wanafika mlango wa macho. Mama Uzi anaomba kiti cha kuegemezea kiwiko. Anashusha pumzi, na hapo, mahali pamoja tu katika safari nzima, anauachia mkono ufanye unachokijua. Brashi inanyanyuka kidogo kidogo. Buluu inakonda, inapinda kuelekea kwenye kitasa, inakuwa unywele, inapotea.

"Amina," anasema Mzee Ndoo kabla yake.

Rangi ya mafuta inataka mchana na usiku wake kukauka. Mabenchi yanasogezwa mbele ya ukuta, na siku nzima mzee wa usafi analinda mstari kama shamba lenye nyani.

Siku ya macho inapopambazuka, Mama Uzi yuko langoni na mama mkwe wake. Amempigia pasi kitenge. Bibi hakutaka kuja. Amekuja kwa sharti moja, kwamba wakizungushwa hata mara moja, anarudi nyumbani na hatazungumziwa tena habari ya macho.

"Haya, nimshike nani?" anauliza bibi, akinyoosha mkono hewani.

Mama Uzi anauchukua mkono huo mkavu, mwepesi, anauweka ukutani juu ya buluu. Kisha anauachia.

"Huyu hapa, mama. Nenda naye. Mimi nafunga kiatu."

"Na usichelewe," bibi anamwonya, na kuanza safari.

Anakwenda pole pole, shingo imeinama, vidole vikiteleza juu ya rangi. Mkwewe anamfuata kwa mbali, viatu mkononi ili asisikike. Kona ya kwanza bibi anasita. Mstari unapinda, na yeye anapinda nao. Nyuma yake yuko mwanamke mwenye bandeji jichoni, na nyuma ya huyo babu yule yule wa wiki iliyopita.

Kona ya pili, mlango wa stoo uko wazi. Mzee Ndoo amesimama ndani, fagio begani.

Bibi anasimama. Pua yake inanusa sabuni.

"Hapa ndipo?" anauliza, uso ameuelekeza kwenye mlango wa stoo.

Mzee Ndoo anafungua mdomo, anamtazama Mama Uzi kule nyuma, anaufunga. Bibi anapapasa ukuta tena. Buluu bado ni nene, upana wa kiganja chake.

"Hapa sipo," anajijibu mwenyewe. "Kitu hiki bado kinakwenda." Na anaendelea.

Babu wa nyuma anapoupita mlango anachungulia ndani, anamsalimia mzee. "Leo hupokei wagonjwa, daktari?"

"Niko likizo, baba. Songa mbele."

Mbele ya chumba cha macho kidole cha bibi kinaukuta mstari ukipungua. Anapunguza mwendo nao. Anaufuata ulipopinda, ulipokuwa uzi, ulipokuwa unywele. Ulipokwisha, kidole chake kiko kwenye kitasa. Anabisha hodi kwa sauti kubwa, kama mtu aliyealikwa.

Mama Uzi amejibanza koridoni, viatu bado mkononi, mashavu yamelowa.

Mlangoni kwa Matroni, asubuhi nzima alifika mtu mmoja tu aliyeuliza njia, kijana mmoja aliyekuwa na haraka sana, na alichouliza ni choo. Mchana Matroni akamwita fundi wake.

"Nimempigia mtu wa stika asije," akasema. "Anza na vyoo. Huyo mwenzetu nusura atuadhiri. Halafu uniambie jengo zima linataka rangi kiasi gani."

Mpango wenyewe Mama Uzi anao kichwani, na akiueleza mikono yake inachora hewani. Kila huduma itapata mstari wake, na hautatambulika kwa rangi peke yake, kwa sababu wapo wasiozitofautisha rangi. Wa wajawazito utakuwa wa mawimbi, ule wa kubembeleza mtoto. Wa dirisha la dawa utakatikakatika kama vidonge vilivyopangwa. Wa dharura utanyooka tu, mnene kuliko yote, bila pambo. Na juu ya kila mlango patakuwa na umbo kubwa linaloonekana kutoka mbali. Huko juu hakufikiki bila ngazi.

Yule fundi wa kupaka rangi nyumba ameelezwa kwamba ngazi haiuzwi tena. Alisikitika, kisha akauliza kama darasa la jioni bado linapokea watu. Mama Uzi amemwahidi kumpeleka kwa mwalimu, na yeye mwenyewe anatamani, hospitali ikiisha, aombe kuta za stendi na za ofisi za ardhi, kokote ambako watu wazima huona haya kuuliza njia.

Ngazi iliondoka uani juzi, imebebwa na Mzee Ndoo mbele na Mama Uzi nyuma. Bibi, aliyekwisha kupewa tarehe ya kufanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, alisimama kizingitini akisikiliza mbao zikigonga lango.

"Polepole na hiyo," akawaonya. "Msiivunje. Nikifunguliwa jicho nataka nimwone mtu juu yake."

Asubuhi ya leo mstari wa vyoo umekwisha kukauka, ngazi imeegemea ukuta wa korido, na chini yake kopo jipya limefunguliwa, rangi ya waridi. Uzi umekwisha kudonolewa. Mama Uzi amefumba macho, brashi kavu mkononi, midomo inacheza.

Mzee Ndoo anangoja, anangoja, mwishowe anashindwa.

"Umemaliza kuomba?"

"Ndiyo kwanza nimeanza," anajibu, na kuichovya brashi. "Amina yake iko mlangoni kwa wajawazito. Twende."